Trekta inayochoka ikipata moto: kisa cha HST pale Usa River

Mwishoni mwa mwezi wa tisa mama mmoja mwenye shamba la mboga Usa River alinipigia, akaniambia fundi, trekta yangu inachoka. Nkamuuliza inazima? Akasema haizimi, injini inaunguruma vizuri kabisa ila magurudumu yanalegea, tukianza saa moja asubuhi inalima kama kichaa, ikifika saa mbili kasorobo inaanza kutembea kama mgonjwa, saa mbili na kitu haipandi hata kale kamwinuko ka kwenda kwenye tenki la maji, tukiizima ikapumzika mpaka mchana inarudi nzima. Hilo neno kuchoka ndo lilinifanya niende siku ileile, manake yule mama bila kujua alikuwa ameshanipa nusu ya majibu.

Trekta yenyewe ni ndogo, mtumba wa Japani, hp 24, inavuta magurudumu yote manne, nyuma imefungwa rotaveta. Aliinunua kwasababu inapita kati ya matuta na kwasababu haina kuhangaika na klachi na gia kila saa, unakanyaga pedeli mbele inaenda, unakanyaga nyuma inarudi. Mafundi wawili walishapita pale kabla yangu, wote wamesema kitu kimoja, pampu ya HST imekufa, yaani ule mfumo unaoendesha tairi kwa presha ya mafuta badala ya klachi, spea iagizwe, milioni 4 na laki 6 na ufundi juu. Mama alishaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wake wawili wa maziwa. Nkamwambia mama, ng'ombe waache kwanza bandani, nipe siku mbili.

Kwa wale ambao hawajawahi kuifungua hii kitu ntaeleza kidogo. Kwenye HST injini inazungusha pampu yenye pistoni ndogo ndogo zimekaa kwenye duara, pistoni zinategemea sahani inayoinama, pedeli yako ndo inainamisha ile sahani, ikiinama kidogo pistoni zinasukuma mafuta kidogo, ikiinama sana zinasukuma mengi, ikiinama upande wa pili mafuta yanageuza njia na trekta inarudi nyuma. Mafuta yanaenda kwenye mota ambayo nayo ina pistoni, mota inazungusha gia, gia zinazungusha tairi. Mafuta hayo hayarudi kwenye sampu, pale chini yanapokaa mafuta, yanazunguka kati ya pampu na mota tu, ila kila sehemu kuna uvujaji mdogo wa ndani, lazima uwepo ndo unalainisha vile vyuma, kwahiyo kuna kapampu kadogo ka pembeni kazi yake ni kurudishia kile kilichovuja. Wengi tunakaita pampu ya charji. Presha yake ni ndogo, hii mashine kitabu chake kinataka bar 5 mpaka 7, wakati ule mzunguko mkubwa ukivuta mzigo unapita bar 200. Sasa uvujaji wa ndani ukizidi uwezo wa charji, trekta inachoka. Na mafuta yakiwa mepesi yanavuja zaidi, na yakipata moto yanakuwa mepesi.

Nilifika nikakuta dereva, kijana wa pale pale, ameshaifanyisha kazi kama nusu saa. Sikutoa spana. Nlimwambia dogo endelea kulima mimi natembea pembeni. Baada ya dakika kama kumi nikaiona, mwendo unashuka lakini rotaveta nyuma inakata udongo kwa kasi ileile. Hapo injini na klachi nikazitoa kwenye hesabu, manake PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha rotaveta, inaendeshwa na injini moja kwa moja kwa gia, ingekuwa injini imechoka na rotaveta ingechoka. Nkamwambia nyanyua rotaveta, sogea mpaka tairi za mbele ziguse lile gogo, sasa kanyaga taratibu. Injini ilibaki inaimba vilevile, haikulemewa hata kidogo, na tairi hazisukumi. HST nzima ukiibana hivyo injini inalemewa, unasikia sauti inashuka, ina maana mafuta yanasukuma kweli. Hii mafuta yalikuwa yanapitia pengine. Nikamwambia jaribu kurudi nyuma, nako ni vilevile dhaifu. Hili jambo msilipuuze, ingekuwa dhaifu upande mmoja tu ningeanza na valvu za upande ule, mbele ina zake na nyuma ina zake, lakini pande zote mbili zikichoka pamoja unatafuta kitu ambacho pande zote zinakula pamoja, yaani charji, mafuta, au pampu yenyewe kuisha.

Nikaangalia na vyuma vya pedeli, vina kulegea kidogo kwenye pini lakini sahani inafika mwisho wake. Na hata ingekuwa haifiki, trekta ingekuwa taratibu toka asubuhi, isingengoja dakika 40.

Hizo dakika 40 ndo ushahidi. Filta ikiziba au mafuta yakiwa mazito sana, trekta inasumbua ikiwa baridi, inalia, inavuta kwa shida, halafu mafuta yakipata moto yanapita vizuri na inapata nafuu. Hii ilikuwa kinyume, nzima ikiwa baridi na mgonjwa ikiwa moto. Hapo una mambo matatu tu, mafuta yasiyofaa, vyuma vya ndani vimekula, au joto limezidi kiasi. Mafundi wa kwanza walirukia la pili moja kwa moja na siwalaumu sana, ndo linalojulikana, ila hakuna aliyepima kitu.

Nikamuuliza mama, hii hali imeanza lini? Akasema toka tulivyofanya sevisi mwezi wa saba. Na breki je? Akanishangaa nimejuaje, akasema breki nazo toka sevisi ile zinalia, ukikanyaga zinashika kwa kushtuka. Breki za hizi trekta ni sahani zinazokaa ndani ya mafuta yaleyale ya giaboksi na HST, sampu ni moja, na mafuta yake yanatengenezwa makusudi yaweze kulainisha gia, kusukuma HST, na hapohapo yaache breki zishike bila kelele. Yale mafuta maalum ya trekta, ya kopo lililoandikwa UTTO. Breki zikianza kulia baada ya kubadilisha mafuta, mimi namtafuta aliyebadilisha. Kweli bwana, dumu tupu lilikuwa bado stoo, haidroliki 68 ya kawaida, ileile wanayotia kwenye jeki na tipa. Na filta waliyofunga ni ya injini, uzi ulikubali ikaingia, lakini ukubwa wa kuchuja sio wake na ndani ina kavalvu kakufungulia njia mafuta yapite bila kuchujwa.

Ile filta niliikata. Naomba msikate filta kwa msumeno, chenga za msumeno zinaingia ndani alafu unaanza kuogopa vyuma ulivyoleta mwenyewe, mimi natumia kikata bomba, kinazunguka bila kutoa unga. Nikakunjua ile karatasi juani nikaifinya mafuta yakatoka, kati ya mikunjo kulikuwa na vumbi linang'aa rangi ya dhahabu. Nikapitisha sumaku, likakataa. Hiyo ni shaba, inatoka kwenye viatu vya pistoni na zile sehemu zinazosuguana ndani ya pampu na mota. Haikuwa nyingi, ukilikusanya lote kwa ncha ya kisu linafunika kama ukucha wa kidole kidogo, na hakukuwa na vipande, ni vumbi tu. Vipande ningevikuta ningemwambia mama ukweli mchungu palepale.

Hapa ndo nilipokosea na nasema ili mwingine asipite njia hiyo. Nikajiridhisha kwamba nimelipata, mafuta sio yake, filta sio yake, tatizo limeanza siku ya sevisi, kila kitu kinakaa sawa. Nikamwaga mafuta yote, nikasafisha chujio la chuma, nikafunga filta yenyewe ya HST, nikatia UTTO, ndoo ya lita 20 ikabaki kidogo. Nikainyanyua kwa jeki tairi zikawa hewani, nikaiwasha kwa mzunguko mdogo bila kugusa pedeli dakika tano ili charji ijaze njia, alafu mbele kidogo nyuma kidogo mpaka hewa yote ikatoka. Breki zikanyamaza siku ileile. Mama akafurahi, mimi nikafurahi. Kesho yake saa mbili na robo akapiga simu, fundi imechoka tena.

Ilikuwa imetoka dakika 40 ikafika kama saa moja na dakika kumi. Yaani nimesaidia ila sijaponya. Nikakaa nikafanya hesabu ambayo ningeifanya mwanzo. Hiyo namba 68 ni uzito wa mafuta yakiwa nyuzi 40, yakifika nyuzi 100 yanabaki kwenye 8 na kitu. UTTO ya kawaida kwenye nyuzi 40 ni nyepesi kidogo kuliko hiyo 68, ila kwenye nyuzi 100 inabaki kwenye 9 na kitu. Tofauti ya 8 na 9 haiwezi kuigeuza trekta mgonjwa ikawa nzima, inaweza kuongeza nusu saa tu, na ndicho kilichotokea. Kwahiyo mafuta yalikuwa makosa ya kweli lakini hayakuwa ndo ugonjwa. Swali likawa kwanini yanafika huko kwenye moto mkali.

Nikarudi na vitu viwili, bunduki ya kupimia joto na geji ya bar 16. Kwenye ubavu wa HST kuna kaplagi kadogo ka uzi wa PT moja ya nane, ndo sehemu ya kupimia charji, fungua taratibu ukishapuliza vumbi lote pembeni kwa kampresa au pampu ya mkono na ufute kwa kitambaa safi, manake mchanga ukiingia pale umeua mashine kwa mkono wako. Asubuhi ikiwa baridi geji ilisoma 7. Tukalima. Kila dakika kumi nasimamisha napima ganda la HST sehemu moja ileile niliyoipaka rangi nyeusi ili bunduki isinidanganye kwa chuma kinachong'aa. Nyuzi 51, 66, 79, 88, 95. Ilivyopita 100 geji ilikuwa inasoma bar 3 na mwendo umekwisha. Nikashika na ganda la gia za nyuma, lilikuwa la kawaida tu, joto la kuvumilika kwa mkono. Sampu moja, mafuta yaleyale, nyuma poa, mbele pale kwenye HST panaunguza. Basi kuna kitu pale mbele hakipoozi.

Nikalala chini. Sikuona kitu, manake chini yote imefungwa na bati zito la chuma, limechomelewa vipande vya kushikia na bolti nne. Nkamuuliza dereva hili bati ni la kiwandani? Akasema hapana kaka, hilo tulichomelea mwezi wa saba, jiwe liliingia likagonga chini, bosi akasema tuweke ngao. Mwezi wa saba. Wiki ileile ya sevisi. Mambo mawili yamefanyika pamoja, na mimi nikalishika lile moja lililokuwa na risiti.

Tukafungua bati. Mbele ya HST kwenye shafti inayotoka kwenye injini kuna feni ya plastiki, kazi yake ni kupuliza hewa kwenye mapezi ya ganda la HST. Ile feni ilikuwa na mapanga matatu tu yaliyobaki mazima, mengine yamekatika kwenye shina, jiwe ndo lilipita hapo. Na mapezi yenyewe huyaoni. Sili ya shafti ilikuwa inatoka jasho la mafuta kidogo, jasho likashika vumbi, na wanaoijua Usa River wanajua vumbi la kule wakati wa kiangazi, lile laini jeusi la mlima Meru linaloingia mpaka ndani ya kufuli, basi likajazana na nyasi na majani makavu ya mahindi mpaka likawa gamba gumu kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Nililipasua na bisibisi likatoka vipande vinene kama kidole gumba, upande wa ndani limechukua ile michirizi ya mapezi vizuri kabisa kama limemiminwa kwenye kalibu. Nikampa mama kipande kimoja akishike. Akakigeuza geuza akasema kwahiyo nimeivalisha blanketi. Ndo hivyo mama, blanketi, alafu na bati la kuzuia upepo.

Kazi yenyewe baada ya hapo haikuwa kubwa. Feni tuliipata kwenye trekta iliyokufa ya modeli hiyohiyo kule Moshi, mapanga yote mazima. Sili nikabadilisha, shafti niliipitishia ukucha kwanza kuona kama ina mfereji pale sili inapokaa, haikuwa nao. Mapezi nikayasafisha kwa dizeli na brashi, sikutumia maji ya presha, manake pale juu kuna pumulio la giaboksi na maji ya presha yakiingia humo mafuta yanageuka rangi ya chai ya maziwa na unaanza kesi nyingine. Bati hatukulitupa, mawe yapo kweli kwenye lile shamba, fundi wa kuchomelea akalikata katikati akaweka wavu mzito wa chuma, hewa inapita na jiwe halipiti.

Pampu sikuifungua. Mama aliniuliza kama si bora tuifungue tuone, nikamwambia mama nikifungua hapa kwenye vumbi naipeleka kaburini, zile sura mbili zinazokutana ndani zimesuguliwa mpaka zikikaa pamoja mafuta hayapiti, mkwaruzo mmoja wa mchanga unatosha kuziharibu, na sina sababu ya kufungua mpaka geji iniambie. Ningepooza vizuri na charji ikabaki 3, hapo ndo tungeongea habari za pampu na ng'ombe.

Siku ya kupima tena jua lilikuwa kali kuliko ile ya kwanza. Tukaanza saa moja, ikapita saa mbili, saa tatu, dereva anacheka mwenyewe juu ya kiti. Baada ya masaa mawili ganda lilisimama kwenye nyuzi 76 likagoma kupanda, charji bar 5 na nukta 2. Nikamwambia apeleke kwenye lile gogo akanyage, injini ikalemewa, tairi za nyuma zikachimba udongo. Ile sauti ya injini kushuka nilikuwa naisubiri toka siku ya kwanza.

Baridi inasoma 7 na moto inasoma 5.2, maana yake vyuma vimekula kidogo, trekta ina saa 1,380 kwenye mita na miezi miwili imepikwa. Lakini lile vumbi la shaba nilitaka kujua zaidi limetoka wapi, nikambana dereva kwa upole. Akasema kuna siku ilichokea mbali, wakaivuta na trekta ya jirani mpaka nyumbani, injini imezimwa, gia iko ndani. Nikahisi kama nimepigwa mimi. Injini ikiwa imezimwa charji haipo kabisa, na tairi zinazungusha mota kwa nguvu, vyuma vinasagana vikavu. Kama huna namna weka lever ya gia kwenye nyutro, mwendo wa mtu anayetembea, na umbali mfupi sana, ikiwezekana ibebwe kwenye gari. Hakuna aliyewahi kumwambia, alipewa funguo tu akaambiwa hii ni rahisi haina klachi.

Na kuna la pili nilimfundisha palepale, alikuwa analima na rotaveta akiwa M, gia ya kati, badala ya L, ile ya taratibu, na trekta ikilemewa anakanyaga pedeli zaidi kama vile ni gari. HST inataka kinyume, ikilemewa unaachia pedeli, sahani inalala, mwendo unapungua na nguvu ya kusukuma inaongezeka. Ukikanyaga mpaka chini mzigo ukiwa mzito presha inapanda mpaka valvu ya usalama inafunguka na nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya mafuta. Alijaribu, mwanzo mguu ulikuwa unamkatalia, baada ya mstari wa tatu akawa ameshaelewa, akaniambia kaka mbona imekuwa nyepesi hivi.

Filta mpya niliwaambia waibadilishe baada ya saa 50 kama trekta mpya, na hiyo ya zamani waniwekee. Juzi nimeikata, vumbi la dhahabu lipo lakini nililifinya karatasi nzima nikapata kapaku kasikojaza hata kichwa cha njiti ya kiberiti. Mama amepaka ukuta wa banda rangi nyeupe, ameandika kwa chaki ya mbao tarehe, saa za mita, joto na charji ikiwa moto, mstari wa kwanza 76 na 5.2, wa pili 74 na 5.2. Ameacha nafasi chini mpaka sakafuni.